Ludwig Krapf: Msafiri Aliyefundishwa Kutulia



Katika kijitabu cha jubilii ni desturi kuandika habari za waliotutangulia. Sisi tumemchagua mtu ambaye hakuimba katika kwaya yoyote ya Ukambani, lakini alitembea katika nchi hii kabla ya kuwa na kanisa hata moja. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Kitui mwaka 1849. Wengi wetu tulimsoma shuleni kama Mzungu wa kwanza kuleta habari za Mlima Kenya, kisha tukafunga kitabu. Leo tunamwangalia kwa upande mwingine. Krapf alikuwa mtu wa kazi nyingi kuliko nguvu za mwili wake, na Mungu alimfundisha kupumzika kidogo kidogo, kwa njia ambazo yeye mwenyewe hakuzichagua. Nadhani kila mwanakwaya aliyewahi kufika mazoezini moja kwa moja kutoka shambani au sokoni, hata maji hajanywa, atapata la kujifunza hapa.

Kitanda cha mgonjwa

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine, na kwa miezi kadhaa akawa mgonjwa kitandani. Hakuweza kucheza wala kusaidia shambani. Alichoweza ni kusoma, na alichosoma zaidi ya yote ni Biblia.

Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Ni vizuri tulikumbuke jambo hili mapema, kwa sababu litarudi tena na tena: mtu huyu mwenye miguu isiyotulia alipata mwanzo wa imani yake siku ambazo miguu ilikuwa imefungwa na ugonjwa. Akiwa na miaka 17 alikwenda Basel, Uswisi, kwenye chuo cha kuwaandaa wamishonari. Baadaye alisomea theolojia Tübingen, kisha akajiunga na chama cha wamishonari cha Kanisa la Anglikana, CMS, ambacho kilimtuma Uhabeshi mwaka 1837.

Kaburi la Mombasa

Uhabeshi hakukaa kwa amani. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838. Akaingia Shoa kwa njia nyingine, akafanya kazi huko hadi 1842, kisha njia ya kurudi nako ikafungwa. Mwaka huo wa 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kuingia tena Uhabeshi, mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati njiani jangwani, akafa, wakamzika hapo hapo na kuendelea na safari.

Mlango wa kaskazini ulipofungwa, Krapf aliamua kujaribu kutoka pwani ya mashariki. Januari 1844 alifika Zanzibar, akapokewa na Sultani Sayyid Said na kupewa barua ya kumwezesha kukaa katika nchi zake. Miezi michache baadaye yeye na mkewe walikuwa Mombasa. Hakungoja. Juni 8, 1844, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ndicho kitabu chenye habari za siku sita za kazi na ile ya saba ambayo Mungu aliibariki akapumzika.

Mwezi mmoja baadaye nyumba yake ilianguka. Rosine alijifungua binti, akashikwa na homa, akafa Julai 13. Mtoto naye akafa Julai 15. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kusimama vizuri. Akawazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi lile lipo hadi leo upande wa Nyali.

Sisi hapa tunajua desturi ya kumwombolezea mtu. Watu huja, huketi, huimba usiku kucha, na mfiwa huambiwa asishike jembe. Krapf hakuwa na watu wa kumketisha. Aliandika kwa chama chake kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza, kisha akarudi kwenye kamusi, tafsiri na safari. Wahubiri wengi wamemsifu kwa hilo, na sisi hatumdharau. Lakini tunauliza: je, mtu aliyezika mke na mtoto ndani ya siku tatu hana ruhusa ya kukaa chini? Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro ingawa alijua atakalotenda. Ujasiri wa Krapf ulikuwa wa kweli, na uchovu wake ulikuwa wa kweli vile vile. Ujasiri haukuufuta uchovu. Uliuahirisha tu.

Mgeni wa Kivoi

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na wote wawili wakajenga kituo Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro. Krapf naye alikuwa na ndoto kubwa zaidi. Alitaka mstari wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika, kimoja baada ya kingine, kama shanga katika uzi. Yeye na wenzake wachache, wengi wao wagonjwa wa homa, hawakuwa hata na watu wa kutosha kwa kituo kimoja.

Katika ndoto hiyo, kituo cha kwanza baada ya pwani kilikuwa Ukambani. Wakamba wakati huo walikuwa wafanyabiashara wa njia ndefu, na misafara yao ya pembe za ndovu ilifika mpaka Mombasa. Mkubwa wao katika Kitui alikuwa Kivoi, mtu aliyejulikana kutoka pwani hadi mto Tana. Novemba 1, 1849, Krapf aliondoka Rabai kwa miguu. Alitembea majuma kadhaa, akapita nyika kavu, akapanda nyanda za Yatta, na mwisho wa Novemba akafika kwa Kivoi, akapokewa kama mgeni wa heshima.

Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu yake. Krapf alitamani kuuona mara moja. Lakini Novemba ni mwezi wa mvua zetu, na kila mtu wa Kitui anajua jinsi mawingu yanavyolala upande ule. Mlima ulijificha. Hapakuwa na mbio ambazo zingeweza kuufunua. Ilibidi akae, ale chakula cha mwenyeji wake, ahojiane na wazee, ajifunze maneno ya Kikamba. Ndipo Disemba 3, mawingu yalipoachana, akauona wazi kutoka nchi yetu hii, wenye vilele viwili kama pembe. Jina alilolisikia kwa Wakamba aliliandika kwa herufi zake, na kutoka hapo likawa jina la mlima, na baadaye la taifa zima.

Wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Walisema theluji haiwezi kuwapo karibu na mstari wa ikweta. Krapf hakuhitaji kushindana nao sana. Alikuwa amesubiri, na alikuwa ameona.

Injili ya Marko kwa Kikamba

Mwaka uliofuata Krapf alikwenda Ulaya. Huko Tübingen, mwaka 1850, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba. Kikamba kile kilikuwa cha mgeni na kina makosa mengi, lakini kilikuwa kitabu cha kwanza cha Biblia kupigwa chapa katika lugha ya mama zetu.

Tunaomba msomaji afungue Marko sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka kazini, wana mengi ya kusimulia. Watu wanaingia na kutoka hata hawapati nafasi ya kula. Yesu hawapi kazi nyingine. Anawaita kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Ni kweli umati uliwakuta huko huko, na Bwana akawahurumia na kuwafundisha. Lakini mwito wa kupumzika ulikuwa umetolewa, na ulitolewa na Bwana wa mavuno mwenyewe. Tena katika sura ya 4 ya kitabu hicho hicho Yesu amelala ndani ya mashua wakati wa dhoruba, kichwa juu ya mto, na alipoamshwa aliiamuru bahari itulie. Krapf alikuwa ametafuta maneno ya Kikamba ya habari hizi zote mbili kabla ya yeye mwenyewe kuyajua kwa mwili wake. Mwaka mmoja baadaye akayajua.

Usiku wa nyika

Julai 1851 alianza safari ya pili kuja Ukambani. Nia yake ilikuwa kujenga kituo Yatta. Kituo hakikusimama, kwa hiyo akaendelea mpaka kwa Kivoi, naye Kivoi akamchukua katika safari ya kwenda mto Tana. Mwishoni mwa Agosti, karibu na mto, wanyang'anyi waliuvamia msafara. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake. Wengine walitawanyika, na Krapf akajikuta peke yake msituni, bila chakula, bila mwongozaji.

Kiu ilimbana kuliko hofu. Alitambaa hadi Tana, akanywa. Kisha akafikiria njia ya kurudi, na hakuwa na kibuyu. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaanza kurudi upande wa Kitui. Mchana alijificha chini ya vichaka, usiku alitembea akichomwa na miiba. Maji yalipokwisha alisikia sauti za nyani katika mto mkavu, akawafuata, akakuta wamechimba mchanga na maji yamejikusanya shimoni. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuelezwa jambo hilo. Mama zetu wamechimba mchanga wa mito hiyo tangu zamani, na hungoja shimo lijae taratibu. Anayechota kwa pupa hupata matope.

Alipofika kwa jamaa ya Kivoi hakupokewa kwa furaha. Wengine walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, na maisha yake yakawa hatarini. Alitoroka usiku ili afike Yatta peke yake. Baada ya siku chache za njaa aliona kwamba nguvu zake hazifiki, akajitokeza na kujiweka mikononi mwa watu wale wale aliowakimbia. Hawakumwua. Walimwachia aende, na mwisho wa Septemba alikuwa Rabai, mzima lakini amechakaa.

Tunamkumbuka Eliya, ambaye baada ya kazi kubwa ya mlima Karmeli alikimbilia nyikani, akaketi chini ya mti, akataka kufa. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Maneno ya Mungu yalikuja baada ya usingizi na chakula. Krapf naye, kwa siku zile chache, hakuwa mtu wa mipango mikubwa. Alikuwa mtu anayehitaji maji ya kunywa, kichaka cha kulala na huruma ya wengine. Mungu alivitoa vyote vitatu, na kimojawapo alikitoa kwa mikono ya Wakamba.

Miaka ya Korntal

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi Ulaya. Alijaribu kurudi kupitia Uhabeshi, ugonjwa ukamzuia, na mwaka 1855 akaweka makazi Korntal, mji mdogo wa wacha Mungu karibu na Stuttgart. Alikuwa na miaka 45. Ukihesabu kwa macho ya kibinadamu, alikuwa ameshindwa. Mstari wa vituo haukuwapo. Yatta hapakuwa na kitu. Rabai waliobatizwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wa kwanza wao, Mringe, alikuwa kiwete aliyepokea ubatizo akiwa karibu kufa.

Lakini tazama kilichofuata. Miaka 26 ya kukaa mahali pamoja ilizaa matunda ambayo miguu haikuzaa. Mwaka 1858 alitoa kitabu cha safari zake. Alisimamia uchapishaji wa Maandiko kwa Kiamhari na Kioromo. Alitumia miaka mingi juu ya kamusi yake kubwa ya Kiswahili, ambayo ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake, na ambayo wasomi wa lugha yetu wanaifungua hata leo. Hatusemi kwamba alikaa bila kwenda popote. Mara mbili alisafiri tena Afrika: kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1860, alipowasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, na tena mwaka 1867 kama mkalimani huko Uhabeshi, ambako ugonjwa ulimrudisha nyumbani. Lakini sasa alikuwa na mahali pa kurudi.

Jambo moja la miaka hiyo linatugusa zaidi. Rebmann alibaki Rabai miaka mingi bila kwenda nyumbani, mpaka macho yake yakapofuka. Mwaka 1875 alirudishwa Ujerumani, mzee na kipofu. Aliishi Korntal, karibu na Krapf, mpaka alipofariki Oktoba 1876. Krapf, aliyekosa mtu wa kumketisha mwaka 1844, sasa alikuwa na nafasi ya kuketi na mwenzake. Mtu mwenye shughuli kila saa hawezi kutoa zawadi hiyo, hata awe na upendo mwingi namna gani.

Krapf alifariki Novemba 26, 1881, akiwa na miaka 71. Jioni alikuwa mzima, akaingia chumbani kulala. Walipomkuta alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, katika hali ya mtu anayeomba, na roho imekwisha kwenda. Kazi ya mwisho ya miguu iliyotembea kutoka Rabai hadi Kitui ilikuwa kupiga magoti.

Jubilii ni nini

Ndugu wanakwaya, neno hili tulilolishona kwenye sare na kulichapisha kwenye jalada linatoka Mambo ya Walawi sura ya 25. Huko jubilii haikuwa karamu kwanza. Ilikuwa mwaka wa hamsini, na katika mwaka huo Waisraeli hawakupanda wala kuvuna kama kawaida. Ardhi ilipumzika, watumwa waliachiliwa, na kila mtu alirudi kwa jamaa yake. Kwa mkulima yeyote hilo ni jaribu la imani. Sisi wa nchi ya ukame tunajua maana ya kuacha msimu upite bila mbegu. Aliyepumzika mwaka ule alikuwa akikiri kwamba anayelisha nyumba yake ni Mungu, na jembe ni chombo tu.

Maisha yetu ya sasa hayana msafara wa pembe za ndovu, lakini yana mbio zake. Kuna karo, chama, mwethya, matanga, harusi, mikutano ya shule, na simu inayolia hadi usiku wa manane. Juu ya hayo kuna mazoezi, mashindano na kurekodi. Wako waliokuwa sauti nzuri kati yetu ambao hawaimbi tena, na si kwa sababu walimwacha Bwana. Walichoka, na hakuna aliyewauliza. Kwaya inayompoteza mwimbaji kwa namna hiyo imepoteza zaidi ya sauti.

Kila mwanakwaya anajua kwamba wimbo una mahali pa kunyamaza. Mwalimu huonyesha kwa mkono, nasi tunavuta pumzi. Asiyevuta pumzi hapo, ubeti unaofuata anaufikia akiwa na nusu ya sauti, au anauvuruga kwa wenzake. Kunyamaza kule ni sehemu ya wimbo, kumeandikwa na mtunzi mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba jubilii hii isiishie kwenye keki na hotuba. Kila mwezi tuwe na juma moja bila mazoezi, na juma hilo lisijazwe na kikao kingine. Anayefiwa au kujifungua aachiwe nafasi yake bila kutozwa faini wala kunung'unikiwa, na aikute anaporudi. Wale waliotoka kimya kimya watembelewe nyumbani, si kuitwa kazini, bali kuketi nao tu na kunywa chai. Na kila mmoja wetu, kabla ya kulala, apige magoti kando ya kitanda chake akiwa bado hai na mwenye nguvu, amkabidhi Mungu yale ambayo siku haikutosha kuyamaliza.

Jina la mahali petu, Tulia, kwa sikio la Kiswahili ni amri iliyotamkwa kwa upole. Tunaliandika kwenye barua na kulisikia kwenye matatu kila siku. Mwaka huu na tulitii.

Bwana awabariki nyote, awape pumziko lake, na awarudishie sauti zenu.